Skripti Iliyokula Kiitikio

Wacha nianze kwa kukiri: mhariri wa kwanza wa diwani ya babu yangu alikuwa skripti ya mistari tisa, na kazi yake ilikuwa mbovu. Niliiandika mimi.

Babu aliacha mashairi kwenye madaftari. Binamu zangu waliyachapa, kila mtu kivyake, nikajikuta na faili 43, nyingine nakala mbilimbili. Skripti ilipaswa kuchagua faili za mashairi, kuzisafisha, kisha kuziunganisha kuwa moja. Sekunde moja tu, kwisha. Nikajiona msee wa maana.

Shangazi akaanza kusoma kwa sauti. Ubeti wa pili akakwama. "Sasa sisi tutaitikia nini?"

Kumbe niliiamuru skripti ifute kila mstari unaojirudia, nikidhani nafuta nakala. Lakini shairi la babu hujirudia makusudi: mshororo wa mwisho wa kila ubeti ndio kiitikio, ndio wasikilizaji hudaka. Kikabaki kwenye ubeti wa kwanza pekee. Nafasi kati ya beti nazo ni mistari mitupu inayofanana, kwa hivyo zikaenda. Alama zote nilizifuta, "ng'oa" ikawa "ngoa": kitenzi cha shambani kikageuka wivu. Na kwa kuwa majina ya faili yalipangwa herufi kwa herufi, shairi10 lilitangulia shairi2.

Hapo ndipo nilielewa kwamba kila amri ya kusafisha ni uhakiki. Inasema hili ni shairi, lile ni takataka. Hukumu yangu ingefaa orodha ya namba za simu, ambako kurudia ni kosa. Kwa mashairi ya babu, kurudia ndio muundo wenyewe. Eti mashine haina upendeleo? Ilikuwa na wangu.

Skripti ya pili ni ya adabu zaidi. Inalinganisha faili nzima, si mstari kwa mstari. Inaacha ritifaa na mistari mitupu. Majina sasa ni shairi01, shairi02. Nakala mbili zikitofautiana hata kwa herufi moja, haiamui, inaziweka kando.

Kando kuna faili sita. Hizo nazisoma na shangazi, daftari likiwa wazi katikati yetu, na kila ubeti ukiisha naitikia.