Ramani ya Kichina, Jua la Mafinga

Mimi ni mtoto wa Ubaruku. Huku Uchina si habari ya vitabuni tu: shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Basi kaka yangu aliponionyesha ramani ya nyumba "ya kisasa ya Kichina", anayotaka kumjengea mama kando ya msitu wa mipaini kule Mafinga, sikushangaa. Nilishangaa nilipoisoma.

Inapendeza, sikatai. Paa limekunjwa pembe, mlango ni mwekundu, dirisha ni la duara. Lakini mchoraji kachukua sura, kaacha sababu. Upenu wa Kichina hutoka nje sana ili mvua isipige kuta na nguzo za mbao. Huu ni mfupi. Pembe zake ni pambo la bati tu.

Kosa kubwa zaidi, baraza inatazama kusini. Wachina wa kaskazini hujenga hivyo kwa kuwa kwao, wakati wa baridi, jua hupita upande wa kusini. Sisi tuko chini ya ikweta. Juni na Julai, Mafinga inapotetemeka, jua letu liko kaskazini.

"Kaka, Julai mama ataota jua wapi?"

"Mdogo wangu, hiyo ni ramani ya Kichina. Wenyewe wanajua."

Wanajua jua la kwao, bwana!

Tena kilichofaa kuigwa kimeachwa: ua wa katikati, vyumba vikiuzunguka pande nne, upepo ukibaki nje. Hata si kitu kigeni, kwani tembe nyingi za Wahehe zilizunguka ua vilevile. Wang Shu, msanifu Mchina aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2012, alijenga makumbusho ya Ningbo kwa matofali na vigae vya vijiji vilivyobomolewa. Alianza na kilichokuwapo pale pale.

Nilimwambia kaka aigeuze ramani, arefushe upenu, afungue ua. Kaninunia siku tatu. Bahati nzuri msingi haujachimbwa.

Nami nikarudi kwenye mswada wa riwaya yangu. Kumbe wapenzi wangu wawili wanaota moto sebuleni, kama Wazungu, hapa hapa Ubaruku penye joto! Ukurasa mzima nimeufuta.