Ulaini Unaoisha: Utunzaji na Ubadilishaji wa Nyuso za Nyundo ya Magurudumu ya Spoki

Gurudumu la spoki la magari ya michezo ya zamani, kama Jaguar E-Type iliyotoka mwaka 1961 na MGB iliyofuata mwaka 1962, halifungwi kwa nati ndogo nne au tano, bali hushikwa na nati moja kubwa ya katikati yenye mabawa, katika mfumo ulioenezwa na kampuni ya Rudge-Whitworth ya Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Habu, yaani kitovu ambacho gurudumu huvalishwa, ina meno marefu yanayoingiliana na meno ya ndani ya gurudumu, na nati hulisukuma gurudumu hilo hadi likae barabara kwenye mteremko wa habu. Nati ya upande wa kushoto wa gari hukazwa kwa kuzungushwa kulia na ile ya upande wa kulia huzungushwa kushoto, kwa kuwa katika mpangilio huo mwendo wa gari kwenda mbele huisukuma nati kukaza. Habu zikibadilishwa pande, nati huweza kujifungua safarini. Kwa sababu bawa la nati hupigwa nyundo na halifungwi kwa spana, nyundo ilihesabiwa kuwa kifaa cha gari lenyewe na kuwekwa pamoja na jeki.

Kanuni inayotawala uteuzi wa nyundo hiyo ni kwamba, vitu viwili vinapogongana, kilicho laini zaidi ndicho kinachopaswa kuumia. Nyundo ya chuma cha pua hubandua kromu ya nati, hupinda bawa na huweza kurusha vipande vinavyofika machoni, ilhali uso wa shaba nyekundu hubonyea wenyewe na kuiachia nati umbo lake. Ndiyo sababu nyundo za kazi hii, zikiwamo zile za kampuni ya Thor ya Birmingham, hutengenezwa kwa kichwa cha chuma cha kusubu chenye uso wa shaba upande mmoja na wa ngozi mbichi upande wa pili, kila uso ukiwa umechomekwa kwa namna inayoruhusu kuung'oa na kuubadilisha.

Jambo ambalo wamiliki wengi hulisahau ni kwamba ulaini wa shaba haudumu. Kila pigo huzivuruga safu za fuwele za metali, nazo zikishavurugika hazitelezi tena kwa urahisi, hali iitwayo ugumu wa kufuliwa, ambayo huweza kuufanya uso wa shaba uwe mgumu zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa mwanzoni. Kingo hufutuka kwa nje na kupasuka nyufa nyembamba, na mtu huanza kufikiria kununua uso mpya pale anapoziona kingo hizo, ingawa kwa kweli nyundo imekuwa ikiiumiza nati kwa muda mrefu kabla ya dalili hiyo kuonekana. Ishara ya mapema zaidi ni sauti na mrejeo: uso laini hutoa mlio mzito na kutulia juu ya bawa, wakati uso uliokakamaa hulia kwa ukali na kuirudisha nyundo mkononi.

Tiba yake haihitaji kiwanda. Karakana yoyote ya jua kali huko Kithimani, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, ina jiko la mkaa linaloweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Uso wa shaba hutolewa kichwani kwanza, kwa kuwa moto ungeiharibu ngozi iliyo upande wa pili, kisha huwekwa kwenye makaa yanayopulizwa hadi ung'ae wekundu hafifu unaoonekana kivulini, kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi, ambacho ni mbali chini ya nyuzi 1,085 zinazoyeyusha shaba. Hapo fuwele mpya huundwa na ulaini hurejea. Tofauti na chuma cha pua, shaba haiwi ngumu inapotumbukizwa majini, hivyo fundi anaweza kuipoza kwenye ndoo bila wasiwasi. Asichopaswa kufanya ni kuiacha motoni muda mrefu, maana fuwele zikikua kupita kiasi uso huwa na mikunjo na kupasuka upesi. Baada ya hapo kingo husawazishwa kwa tupa. Maarifa haya si mageni Ukambani: wahunzi wa Kikamba walisifika kwa mikufu ya waya mwembamba, nayo kazi ya kuvuta waya wa shaba haiendi mbali bila kuurudisha waya motoni kila unapokakamaa.

Upande wa ngozi una adui mwingine. Ngozi mbichi ni ngozi iliyokaushwa bila kutiwa dawa za kiwandani, ikakunjwa kwa kubanwa sana, nayo huvimba ikipata unyevu na kunywea hewa ikikauka. Katika ukame wa Yatta, eneo ambamo Kithimani ipo, ngozi ya nyundo iliyoachwa juani hulegea kwenye tundu lake na tabaka zake huanza kufunguka. Kuihifadhi kivulini kunatosha. Vumbi la huko ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu chembe za mchanga zilizonasa kwenye ngozi au shaba huikwaruza kromu kama msasa, na kwa hiyo nyuso zote mbili zinapaswa kusuguliwa kwa brashi kabla ya pigo la kwanza.

Wapo wanaopendelea nyundo ya risasi, inayoyeyuka kwa nyuzi 327 na kusubiwa upya kwa urahisi. Urahisi huo haufai kushawishi mtu. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3; kwa hiyo karakana ya kando ya barabara, yenye watoto wanaopita na chakula kinachouzwa jirani, si mahali pa kuyeyushia metali hiyo.

Uso uliokwisha kabisa hubadilishwa. Katika nyundo yenye kichwa cha vipande viwili, boliti hulegezwa na uso hutoka. Katika kichwa kizima, shaba ya zamani hutobolewa katikati kwa keekee na kung'olewa, kisha mpya hugongwa mpaka ikae, nyundo ikiwa imeegemezwa kwenye gogo. Anayechonga uso wake kutoka shaba chakavu aukwaruze kwa tupa ili auone wekundu hadi ndani, aujaribu kwa sumaku ili asiuziwe chuma kilichopakwa, na aikatae shaba ya njano, ambayo zinki iliyomo huifanya kuwa ngumu mno. Muuzaji awe na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, kwa kuwa shaba nyingi ya magendo hukatwa kwenye nyaya za umeme, na uharibifu wa miundombinu ya aina hiyo ndio ulioifanya Serikali isimamishe biashara ya vyuma chakavu kwa muda mnamo Januari 2022.

Uso mpya hujaribiwa gurudumu likiwa limeinuliwa kidogo kwa jeki, ili lipate nafasi ya kukaa vizuri kwenye habu, na pigo hulenga karibu na ncha ya bawa, ambako nguvu kidogo huzungusha nati zaidi. Nyundo hiyohiyo hufaa kugongea beringi za pampu zinazovuta maji ya mfereji wa Yatta, mradi uso wake ufutwe grisi kabla ya kurudishwa kwenye nati ya gari.