Uhakiki wa Nadharia ya Uzuiaji Fiche katika Kueleza Mwitikio wa Tahadhari za Vimbunga Mtwara

Nadharia ya uzuiaji fiche hudai kwamba kichocheo kilichozoeleka bila kufuatwa na tukio lolote huwa kigumu kuhusishwa na tukio baadaye. Lubow na Moore (1959) walilionesha jambo hilo kwa kondoo na mbuzi. Kwa mujibu wa Mackintosh (1975), kinachopungua ni uzingativu: kiumbe hujifunza kuwa kichocheo hakitabiri kitu, kisha hukipuuza.

Nadharia hiyo huvutia inapohamishiwa pwani ya Mtwara. Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha kuhusu Kimbunga Kenneth. Tarehe 25 kimbunga hicho kiliingia nchi kavu ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, na kuua watu zaidi ya 40 nchini Msumbiji. Mei 2024 ilitolewa tahadhari nyingine, ya Kimbunga Hidaya. Ni rahisi kudai kuwa tahadhari ya kwanza iliidhoofisha ya pili.

Dai hilo lina dosari tatu. Kwanza, uzuiaji fiche huhitaji kichocheo kisichokuwa na maana tangu awali, mathalani taa inayomulika. Neno "kimbunga" si taa. Lina maana kabla ya kutangazwa, hasa katika ukanda ambao Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Pili, kwa watu wazima athari hiyo hupatikana kwa shida. Majaribio mengi huwapa washiriki kazi nyingine ya kuwashughulisha, na Byrom, Msetfi na Murphy (2018) wanahoji iwapo matokeo yake ni uzuiaji fiche kweli. Tatu, tahadhari ya 2019 haikuwa tupu. Wamakonde wanaishi pande zote mbili za Ruvuma. Kwa mwenye ndugu ng'ambo, tukio lilifuata, ila halikumfika yeye.

Tofauti hii ina uzito. Ikiwa tatizo ni uzingativu uliofifia, tiba ni kubadili kichocheo. Ikiwa ni uamuzi wa mtu aliyepima habari alizonazo, tiba ni kumrudia baada ya dhoruba na kumweleza ilikopita na kwa nini. Hivyo basi, utafiti unaopima mwitikio pekee, bila kuchunguza wakazi wa Msimbati walijua nini kuhusu Kenneth, hauwezi kutenganisha mazoea na busara. Na ushauri utakaotokana nao unaweza kuwafundisha watu kusikia mlio mpya, si kuuamini.