Mzee wa Kokwa la Embe

Msimu wa maembe ukifika, usitupe makokwa. Chagua ya maembe ya kienyeji, yale yanayoacha nyuzi menoni, maana nyuzi hizo ndizo ndevu. Kokwa lililosafishwa vizuri ni mzee mwenye mvi aliyekwisha kuumbwa. Kilichobaki ni kumvika kofia na kumtafutia pa kukaa.

Kutengeneza vizee wa bustani pamoja na watoto wadogo ni sanaa, nami naisifu kwa moyo wote. Ulaya wanao wa kwao, tena wa siku nyingi. Huko Gräfenroda, katika jimbo la Thuringia nchini Ujerumani, wafinyanzi wa karne ya 19 walijipatia riziki kwa vizee wa udongo wa kuchoma, wenye kofia zilizochongoka, wa kusimamishwa katikati ya maua. Mwaka 1847 Mwingereza mmoja, Charles Isham, alichukua vizee kutoka Ujerumani akawapanga kwenye bustani ya mawe ya jumba lake, Lamport Hall. Kati yao amesalia mmoja tu, na anatunzwa kama tunu. Ni kazi za mafundi hasa, lakini zimekamilika mno: sura imeshachorwa, kicheko kimeshagandishwa usoni. Mtoto amebakiziwa kutazama.

Huyu wetu hana uso. Loweka kokwa usiku kucha, kisha mpe mtoto mswaki uliochakaa, alisugue ndani ya beseni mpaka maji yaache kuwa ya manjano. Hapa usimharakishe. Mtoto wa miaka minne anaweza kusugua kokwa moja asubuhi nzima huku akizungumza nalo, na mchezo umeshaanza hapo hapo. Nyama ikibaki, sisimizi watakuja na ukungu utafuata. Kwa hiyo suuza tena, uanike juani siku kadhaa ukiligeuzageuza. Nyuzi zikikauka hutimka zenyewe, nyepesi, za rangi ya mchanga. Zichane kwa kitana zielekee upande mmoja. Kofia ni nusu duara ya kitambaa, masalia ya fundi cherehani, iliyoviringishwa ikawa umbo la pia, ikabandikwa kwa unga wa ngano uliopikwa ukawa gundi. Ivute mpaka ifunike pale ambapo macho yangekaa.

Basi, ishia hapo. Kishawishi cha kuchora macho na mdomo ni kikubwa, na naona tukishinde. Shule zinazofuata mawazo ya Rudolf Steiner, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919, huwapa watoto wanasesere wenye sura ya nukta chache tu, au wasio na sura kabisa, ili mtoto aamue mwenyewe kama mwanasesere analia au anacheka. Kwa hili wamepata. Mzee aliyefunikwa macho na kofia anaweza kuwa amelala, amenuna, au anachungulia kwa chini.

Kwa kuwa kokwa ni bapa, halisimami lenyewe. Mtoto humfukia mzee hadi kiunoni katikati ya mchicha, na papo hapo humpa kazi. Mmoja anafukuza kuku. Mwingine anauza nyanya. Wa tatu ni mgonjwa, anakimbizwa hospitali ndani ya kifuu cha nazi kinachovutwa kwa uzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mmeshindaje?"

Sauti zote mbili ni za mtoto yule yule. Isikilize ile ya pili: nzito, ya taratibu, yenye upole alioukusanya kwa wakubwa wake bila mtu kujua kwamba anakusanya. Wapo watoto wanaojificha nyuma ya mlango mgeni akibisha hodi, lakini kokwa wataliamkia kwa adabu zote.

Kokwa lililokauka barabara halioti tena. Lililobakiwa na unyevu ndani, likifukiwa wakati mvua zinaanza, huweza kupasuka na kusukuma chipukizi la majani mekundu kando ya kofia. Hapo watoto humng'oa mzee kwa uangalifu, humhamishia kwenye kopo la udongo, na ubishi huanza: sasa aitwe babu, au aitwe mtoto?