Kifuniko Kilichoharibu Chevda ya Krismasi

Ilikuwa imepita saa sita usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba, jikoni kwa dada yangu Kitengela, pale chevda ya ukoo mzima ilipomiminwa kwenye ndoo za lita 20 ikiwa bado na joto na vifuniko vikabanwa mpaka vikalia. Uamuzi ule ulikuwa makosa. Chevda iliharibikia hapo, kabla ya gari kuwashwa, kabla ya Isinya, kabla ya mtu yeyote wa Kajiado kuionja, na yanayosemwa sasa kuhusu mvua, mafuta na viazi ni maneno ya kumlinda aliyebana kifuniko.

Niwe wa haki: kazi iliyotangulia ilikuwa safi. Viazi vilisuuzwa mpaka maji yakaacha weupe, tambi za dengu zilitoka mashineni nyembamba na sawasawa, na majani ya bizari yalitolewa kabla hayajawa meusi. Zaidi ya hapo sina la kusifu.

Turudi kwenye dakika zile, kwa sababu waliokuwepo wanazisimulia vibaya. Njugu, dengu na tambi zilikuwa zimekaangwa tangu alasiri, na kufikia saa tatu usiku zilikuwa zimepoa kabisa kwenye masinia. Viazi ndivyo vilivyobaki mwisho. Mkupuo wa mwisho ulipotoka karaini, shemeji, ambaye ndiye angeendesha gari, alisimama mlangoni akasema kwa adabu yake yote, "Mama, tukitoka baada ya saa kumi na moja alfajiri tutalala njiani." Alimwambia mama, lakini aliyekuwa ameshika usukani wa karai mwaka huu ni dada. Dada akaangalia saa, akaangalia masinia, kisha akavimwaga viazi vya moto juu ya tambi baridi, akanyunyiza chumvi, pilipili, manjano, sukari na ndimu ya unga kwa mpigo, akachanganya, akatupia zabibu, akapakia. Mama akasema, "Ngojeni vipoe." Hakuna aliyengoja.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani ya ndoo. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Mapovu unayoyaona karaini ni maji hayo yakitoka, na yanapotulia ndipo unapojua kiazi kinakaribia kukauka. Kukaribia kukauka si kukauka. Kipande kilichotolewa kwenye mafuta ya nyuzi joto 170 kinaendelea kutoa mvuke kwenye sinia, na kwa vipande vilivyotoka greta vikiwa vinene kidogo, kazi hiyo huchukua muda wa kutosha kuosha vyombo na kunywa chai. Nimekuwa nikisema miaka nenda miaka rudi kwamba nusu saa ya kwanza nje ya karai ni sehemu ya kukaanga. Ukifunika ndani ya nusu saa hiyo, umesitisha upishi katikati.

Maji yaliyozuiwa kutoka hayakupotea. Yalihama. Tambi za dengu zilizopoa zilikuwa kavu kuliko kitu chochote ndani ya ile ndoo, na kitu kikavu kilichofungiwa pamoja na kitu chenye unyevu hunywa mpaka vilingane. Ndiyo maana tambi ndizo zilizoumia zaidi, ingawa ndizo zilizokaangwa vizuri zaidi. Wanga uliokaangwa hukatika kwa mlio kwa sababu una maji machache mno. Ongeza asilimia chache tu za maji na unaanza kutafunika kama mpira. Viazi vilikuwa na hatia, tambi zikatumikia kifungo.

Kuna binamu anayeshikilia kwamba kosa ni la hewa ya Kitengela, kwamba mvua za vuli zilichelewa kuisha na usiku ule ulikuwa na unyevu. Hesabu inamkataa. Hewa ya lita 20, hata ikiwa na joto la nyuzi 40 na kujaa mvuke mpaka isiweze kubeba tena, ina takriban gramu moja ya maji. Gramu moja haiwezi kulegeza ndoo nzima ya chevda. Maji yaliyodondoka kutoka chini ya kifuniko tulipofungua Kajiado yalitoka kwenye viazi. Baridi ya usiku ilichofanya ni kukipoza kifuniko, mvuke ukagandia pale, ukashuka tena kama matone, ukapanda, ukashuka.

Matone yale ndiyo yaliyomaliza viungo. Chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na ndani ya ndoo iliyofungwa ikiwa na joto, kiwango hicho kilipitwa mapema. Ikayeyuka, ikashika manjano na pilipili, ikateremka. Kila aliyechota juu alipata viazi visivyo na ladha, na aliyefika chini alikuta madonge mekundu yanayowasha koo. Zabibu nazo hubeba maji yao wenyewe, kama asilimia 15, na hazipaswi kuingia mpaka siku ya kuandaa mezani. Hili nimelisema kila Desemba.

Marehemu mama mkubwa asingekubali. Yeye alijifunza chevda miaka ya sabini mwanzoni, akifanya kazi katika jikoni ya familia ya Kihindi pale Ngara, na alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyerudi na cheti. Alikaanga siku mbili kabla ya safari. Kila kitu kilikuwa na sinia lake, na hakuna sinia lililokutana na jingine mpaka asubuhi ya pili. Viazi alivitandaza juu ya leso safi kwenye kitanda cha chumba cha wageni, tabaka moja, akafunika kwa leso nyingine nyepesi, akafunga mlango na kuweka ufunguo kifuani. Asubuhi alichota kiganja, akakikunja kando ya sikio. Kama hakikulia alivyotaka, vilirudi karaini kwa dakika moja juu ya moto mdogo. Chumvi aliisaga upya iwe laini kama poda ishike mafuta ya njugu, na alinyunyiza viungo wakati njugu tu ndizo zilizokuwa na uvuguvugu. Leo tuna meko ya gesi, mashine ya tambi yenye sahani tano na kipimajoto ambacho mpwa wangu aliletewa kutoka Leicester, mji ambao maduka yake yanauza chevda kwa jina la Nairobi. Mama mkubwa alikuwa na jiko la makaa na sikio, na chevda yake ilifika Mwaka Mpya ikiwa inalia.

Najua utetezi wa dada: vumbi na sisimizi. Vumbi la Kitengela ni la kweli, na anayeishi karibu na barabara zinazochimbwa upya kila mara ana haki ya kuliogopa. Lakini leso huzuia vumbi na kupitisha mvuke. Kifuniko cha plastiki huzuia vyote viwili. Miguu ya meza ikisimamishwa ndani ya bakuli za maji, sisimizi hapandi. Haya yote yalikuwepo jikoni usiku ule: leso, meza, bakuli. Na hofu ya msongamano nayo ni ya kweli, kwa sababu tarehe 24 barabara ya Namanga hujaa kuanzia kwenye steji za Kitengela; lakini safari yenyewe ni kama kilomita 50. Masinia yangeachwa wazi mpaka saa kumi alfajiri na kupakiwa wakati chai inachemka, gari lingeondoka saa ile ile aliyoitaka shemeji. Saa nne za kungoja zilikuwepo. Watu walizitumia kulala.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, viazi. Waliopeleka Shangi kwenye karai la chevda wasijifiche nyuma ya kifuniko. Shangi ni kiazi kizuri cha vibanzi na cha mchuzi, kinaiva haraka, kinapatikana kila kibanda, lakini kina maji mengi na huchipua upesi. Watengenezaji wa krispi nchini wanaitafuta Dutch Robijn, inayolimwa Bomet kwa wingi, kwa sababu ni kavu zaidi ndani na hunywa mafuta kidogo. Mama mkubwa alitembea mpaka akaipata. Siku hizi mtu ananunua kilichopakiwa karibu na lango, na akiambiwa anasema kiazi ni kiazi. Kiazi kilichokaa kwenye friji nacho kisiletwe kabisa: baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto viazi vinakuwa hudhurungi kabla havijakauka. Utavitoa mapema kwa kuogopa rangi, vikiwa bado na maji. Halafu utavifunika.

Suala la njugu sitalilegeza pia. Mwaka huu zilichambuliwa vizuri, lakini bado kuna anayeuliza kwa nini tunapoteza jioni nzima kutoa zilizokunjamana na zenye ukungu ilhali zitakaangwa. Sumukuvu haiondolewi na joto la karai. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, na Makueni ni majirani zetu hapo mashariki. Kuchambua njugu kuendelee, na kufanywe mchana, kwenye mwanga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tambi zile zilikuwa za Kajiado hasa. Unga wa dengu ulikandwa na magadi kidogo, na magadi hiyo ni ya ziwa letu wenyewe, ziwa lililoletewa reli kutoka Konza kupitia Kajiado mjini zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwa ajili ya magadi yake. Reli kuu iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilileta vibarua kutoka Uhindi zaidi ya 30,000, na nyuma yao wenye maduka wa Kigujarati waliokuja na unga wa dengu, karai na mapishi haya. Huku chevda ikajaa viazi, vikachukua nafasi ya mchele uliopondwa unaotumika sana Gujarat. Magadi ndiyo inayoipa tambi wepesi wa kuvunjika mdomoni. Ikizidi kidogo inakuwa chungu na kufanana na sabuni. Ikipungua, tambi inakuwa ngumu kama waya. Dada aliipima sawasawa kwa ncha ya kijiko. Ustadi wa namna hiyo ukaenda kulowa ndani ya plastiki.

Uokoaji wa Kajiado nao uje na maelezo. Ndoo zilipofunguliwa, wajomba walitandaza chevda juani kwenye mabati. Jua la adhuhuri hukausha polepole, na mafuta yaliyosambaa juu ya vipande vyembamba huanza kuchacha yakipigwa na jua na hewa. Nyanya alikuja akaona, akasema, "Wanangu, toeni hiyo huko," akaweka karai kavu juu ya moto mdogo, akapitisha mafungu madogo madogo huku akigeuza bila kupumzika. Viazi vilirudi kwa kiasi fulani. Njugu hazikuhitaji lolote. Tambi hazikurudi: zikikauka mara ya pili huwa ngumu bila kuwa nyepesi, na watoto walizitenga kando ya sahani.

Desemba ijayo karai liwashwe tarehe 21. Viazi viwe vya kwanza kuingia mafutani na tambi za mwisho. Viungo na kuchanganya visubiri asubuhi ya tarehe 23, zabibu zisafiri kwenye mfuko wao, na vifuniko vya ndoo akabidhiwe mama tangu mwanzo, yeye ndiye atakayesema lini vitumike.