Ushahidi wa Jicho na Ushahidi wa Ulimi: Filamu ya The Cove Ikitazamwa kutoka Banissa

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuihoji riwaya na tamthilia kwa maswali mawili makubwa: kazi inasema nini, na inasema kwa njia gani. Filamu ya hali halisi imesalimika kwa muda mrefu na maswali hayo, kana kwamba kamera haichagui, na kana kwamba anayeishika hana tabaka, lugha wala haraka. Huchukuliwa kuwa ni taarifa tu, na taarifa hupimwa kwa ukweli wake, si kwa fani yake. Makala haya yanaitazama filamu moja mashuhuri ya aina hiyo, The Cove, iliyoongozwa na Louie Psihoyos na kutolewa mwaka 2009, kwa nia ya kuonyesha kuwa katika kazi kama hiyo fani ndiyo inayotoa hukumu, na kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla mshtakiwa hajapewa lugha ya kujibu.

Filamu hiyo inahusu mauaji ya pomboo katika mji mdogo wa Taiji, mkoa wa Wakayama, nchini Japani. Ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2010, ikazusha ugomvi mkali ambao haujatulia. Waliogombana ni wa pande mbili. Upande mmoja ni watu wa Magharibi waliomjua pomboo kwanza kama mchezaji wa televisheni na wa mabwawa ya maonyesho. Wa pili ni Wajapani waliojitetea kwa mila na kwa haki ya kula wapendacho. Mhakiki wa Afrika Mashariki hana sababu ya kujipanga nyuma ya upande wowote kati ya hizo. Ndiyo maana inafaa kumtafuta mtazamaji aliye mbali na wote wawili, kwa mfano mfugaji wa Banissa, katika kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mtu huyu hakulelewa na pomboo wa televisheni, na bahari iko mbali naye mamia ya kilomita. Lakini anajua kuchinja, na anajua kupigwa picha na wageni. Mambo hayo mawili yanamtosha kuwa hakimu wa filamu hii.

Kwanza ipewe haki yake. The Cove imejengwa kwa ustadi mkubwa. Msuko wake ni wa hadithi ya wizi: kundi la mabingwa linakusanywa, kila mmoja na ujuzi wake, kisha linaingia usiku mahali palipolindwa na kutoka na kitu cha thamani. Kitu chenyewe ni picha. Kamera zinafichwa ndani ya miamba ya bandia, wapiga mbizi wanashuka gizani, na vyombo vya kuona joto la mwili vinawaonyesha walinzi. Kiungo cha yote ni Ric O'Barry, ambaye katika miaka ya 1960 aliwafunza pomboo wa mfululizo wa televisheni ulioitwa Flipper, kisha akaigeukia kazi yake mwenyewe na kuipinga. Mhusika wa namna hii, mtu anayelipa deni la ujana wake, angefaa katika riwaya yoyote nzito. Na wizi unapofaulu, mtazamaji anaonyeshwa alichoahidiwa: hori dogo la bahari, wavuvi wakichoma kwa mikuki, na maji yanayogeuka kuwa mekundu mpaka mtu haoni tena mahali damu inapoishia.

Ni tukio lenye nguvu. Lakini nguvu yake inatokana na jambo ambalo mhakiki wa fasihi angelitilia shaka mara moja katika riwaya: upande mmoja wa hadithi hauna usemi. Mvuvi mmoja anayewafuata watengenezaji wa filamu akiwa na kamera yake anapewa na kundi lile jina la utani, nalo ni maneno ya Kiingereza aliyozoea kuwakemea nayo, Private Space, yaani mahali pa faragha. Kwa hiyo mtu mzima, mwenye ukoo, mwenye kazi na lahaja ya kwao, anaingia katika filamu akiwa na maneno mawili ya lugha ya kigeni, na maneno hayo yanafanywa kuwa jina lake. Wanaisimu watatambua haraka kilichotendeka. Mtu amenyang'anywa lugha aliyoimudu, akapimwa kwa lugha asiyoimudu, kisha akachekwa. Wasomi waliofundishwa enzi ambapo mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama hawahitaji kuelezwa zaidi.

Wajapani wengine wanazungumza katika filamu, na haifai kulificha hilo. Madiwani wawili wa Taiji wanaonekana wakipinga nyama ya pomboo kupelekwa katika chakula cha shule kwa sababu ya zebaki iliyomo. Hata hivyo wanasemeshwa kwa kuwa wanakubaliana na shtaka. Wavuvi wenyewe, wanaoshika mkuki, wamebaki sura tu. Na filamu ilipofika katika majumba ya sinema ya Japani mwaka 2010, baada ya maandamano na baada ya baadhi ya majumba kuahirisha kuionyesha, sura za baadhi yao zilifunikwa. Hivyo walioanza bila lugha wakamaliza bila nyuso.

Udhaifu huo wa fani unavuja hadi katika maudhui. Filamu inataja pomboo 23,000 wanaouawa Japani kila mwaka, na kwa kuwa macho ya mtazamaji yamejaa damu ya hori la Taiji, ni rahisi kudhani kwamba hesabu hiyo ni ya hori hilo. Sivyo. Sehemu kubwa ilihusu wanyama wadogo wa jamii hiyo waliovuliwa kwa chusa katika bahari za kaskazini ya Japani. Idadi haikuwa ya uongo. Ilipangwa tu mahali ambapo ingesomwa vibaya. Upande wa pili nao una lake la kujibu. Utetezi wa mila unajivunia historia ya uvuvi wa nyangumi ya miaka 400 huko Taiji, lakini utaratibu wa sasa wa kuswaga makundi ya pomboo hadi horini ulishika kasi mwaka 1969, jumba la makumbusho ya nyangumi la mji huo lilipofunguliwa na kuhitaji wanyama hai. Mila hiyo, basi, ina umri wa biashara ya maonyesho. Hapo filamu imepiga shabaha: pomboo hai anayeuzwa kwa mabwawa ya maonyesho huleta fedha nyingi mno kuliko nyama ya aliyekufa, na ni soko hilo linaloulipia mkuki.

Turudi Banissa. Hoja kuu ya O'Barry ni kwamba pomboo ana akili, anajitambua, hata anaweza kuchoka na uhai wake. Anasimulia jinsi pomboo mmoja aliyeitwa Kathy alivyofia mikononi mwake mwaka 1970 kwa kukataa kuvuta pumzi. Mfugaji hawezi kuikubali hoja hii kwa wepesi, na si kwa sababu ya ukatili. Ngamia wake ana akili pia. Anamjua kwa jina, kwa rangi na kwa nasaba, na ushairi wa Kisomali umemsifu kwa karne nyingi. Tena anamchinja. Ikiwa akili ndiyo inayomwokoa mnyama na kisu, basi nini kinamlinda yule asiye na akili, kondoo kwa mfano, ambaye hakuna aliyemfanyia filamu? Swali hili The Cove haikuliuliza, na haikuweza kuliuliza kwa kuwa watazamaji iliowakusudia hutoka katika jumba la sinema na kwenda kula nyama ambayo hawajaona ikichinjwa.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba mtazamaji huyu atautetea mkuki wa Taiji. Maadili ya kuchinja aliyolelewa nayo ni makali. Kisu kinolewe sawasawa, na kisinolewe mbele ya mnyama. Mmoja asichinjwe huku mwingine akitazama. Roho itoke upesi. Akiyapima yale ya horini kwa kipimo hiki, ataona kundi zima likisongamana katika damu ya wenzake, akina mama na watoto wao, mchomo baada ya mchomo. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika eneo hilo na pwani, wanyama wa bahari kwa jumla ni halali bila kuchinjwa, kwa hiyo shtaka lake halitahusu nyama. Litahusu namna. Naye atakuwa amefika katika lawama ileile ya filamu kwa njia yake mwenyewe, bila Flipper na bila kipimo cha akili. Filamu iliyotaka kusema na dunia nzima ingeweza kuitumia njia hiyo, ambayo haimtukani mvuvi kwa kula.

Mtazamaji wa Kaskazini Mashariki ana sababu nyingine ya kuitilia shaka kamera inayotazama kutoka mafichoni au kutoka juu. Desemba 2021, katika ukame uliolikumba eneo hilo, mpiga picha Ed Ram aliwapiga kutoka angani twiga sita waliokufa katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, kaunti ya Wajir. Picha ikazunguka dunia. Miili imelala katika mchanga kwa mpangilio unaokaribia kuwa urembo. Maelezo yaliyoambatana nayo yalisema kwamba wanyama hao walinasa katika tope wakitafuta maji katika bwawa lililokuwa likikauka, kisha mizoga ikaondolewa ili maji yasichafuke. Hapa pana jambo. Mizoga haikujipanga, kuna watu walioiburuta, na waliiburuta kwa sababu maji machache yaliyobaki ni ya kunywewa. Picha inawaonyesha twiga na kuwaficha wenye kiu. Vivyo hivyo habari za twiga weupe wa Ishaqbini, Garissa, waliorekodiwa kwa video mwaka 2017, na ambao jike na mtoto wake walitangazwa kuuawa Machi 2020, zilifika mbali kuliko habari yoyote ya wanadamu wa wilaya ileile katika miaka hiyo.

Kwa upande wa pili ipo Scarred: The Anatomy of a Massacre ya Judy Kibinge, iliyotolewa mwaka 2015, kuhusu mauaji ya Wagalla. Si kwamba vifo vya watu vilinganishwe na vya pomboo; hilo lingekuwa ufidhuli. Kinacholinganishwa ni namna ya kushuhudia. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na majeshi ya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa kwa siku kadhaa juani, na wengi wakauawa. Serikali ilikuja kukiri vifo 57. Walionusurika wanataja idadi kubwa zaidi sana. Kibinge hakuwa na mwamba wa bandia wa kuficha kamera. Alikuja baada ya miaka 31, akalazimika kuutegemea ulimi: wazee na wajane wanaosimulia, wanaonyamaza, wanaorudia. Filamu yake ni ya polepole kuliko ya Psihoyos, na haikupata umaarufu kama ule, lakini ndani yake aliyeumizwa ana sarufi yake. Mtazamaji hapewi damu. Anapewa sentensi, na anaachiwa kazi ya kuziamini.

Ni vigumu kutosikitika kwamba uvuvi wa pomboo wa Waswahili wenyewe haukupata filamu ya namna hiyo. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wavuvi waliwahi kuwawinda pomboo kwa nyavu na chusa, nyama yao ikawa chambo cha kuvulia papa. Utalii wa kuwatazama pomboo ulianza mwaka 1992, na kufikia 1996 uwindaji ulikuwa umekoma. Haikuhitajika kamera ya siri. Mtu mwenye mashua aligundua kwamba pomboo mmoja hulipiwa tena na tena akiwa hai. Mabadiliko hayo hayakuwa safi: pomboo huendelea kunasa na kufa katika majarife, na mashua za watalii huwafukuza wanyama mpaka huwanyima mapumziko. Hata hivyo wapo wazee wa Kizimkazi wanaoweza kueleza kwa Kikae na kwa Kiswahili fasaha jinsi chusa kilivyotupwa, nyama ilivyogawanywa, na siku mtu alipoacha. Huo ni ushahidi wa ulimi ulio tayari, na msamiati wake haujakusanywa ipasavyo katika kamusi zetu, ambamo pomboo ni neno la mstari mmoja.

Matokeo ya The Cove yenyewe yanachanganya. Mwaka 2015 chama cha mabustani ya wanyama na ya samaki cha Japani, kwa kushinikizwa na chama cha dunia, kiliwakataza wanachama wake kuchukua pomboo waliokamatwa kwa kuswagwa Taiji. Hapo filamu ina sehemu yake ya sifa. Lakini uwindaji haukukoma, na mwaka 2019 Japani ilijitoa katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi na kurudia uvuvi wa nyangumi wa biashara. Wajapani wawili, wote wanawake, walijibu kwa filamu. Behind the Cove ya Keiko Yagi, ya mwaka 2015, inajibu shtaka kwa shtaka, nayo ina kasoro ileile ikiwa imegeuzwa upande. A Whale of a Tale ya Megumi Sasaki, ya mwaka 2016, inamfuata mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyehamia Taiji na kukaa humo, anayezungumza na wavuvi kwa Kijapani. Katika filamu hiyo wavuvi wanalalamika, wanatania, wanajichanganya na kujitetea vibaya mara nyingine, na mtazamaji anayewapinga anapata kwa mara ya kwanza hoja ya kupinga.