Urefu Ndio Mzigo: Kayaki na Maisha ya Gari-Nyumba

Kayaki ya baharini iliyotengenezwa kwa plastiki ina uzito wa kilo 25 hivi, yaani nusu ya mfuko wa saruji. Mtu mwenye afya anaiweka begani na kuifikisha ufukweni bila kupumzika njiani. Kwa hesabu ya mizani peke yake, chombo hicho hakina sababu ya kumsumbua mtu yeyote mwenye gari, seuze mwenye gari kubwa la kulalia.

Sasa weka mizani kando uchukue futikamba. Kayaki hiyo ina urefu wa mita 5. Fiat Ducato, mojawapo ya magari ambayo mafundi wa Ulaya huyageuza kwa wingi kuwa nyumba za magurudumu, ina toleo lenye urefu wa mita 6 kasoro kidogo kutoka bampa hadi bampa. Lakini nyuma ya viti vya mbele, pale panapopangwa kitanda, jiko na kabati, sakafu ina mita 3.7 tu. Kayaki ya mita 5 haienei humo hata ikilazwa mshazari.

Hicho ndicho kiini cha shida ya watu wanaohama na magari yao kutoka ziwa hadi ziwa. Kinachowasumbua ni urefu, na urefu unakabiliwa kwa njia tatu: kuupeleka juu ya paa, kuupunguza ili uingie ndani, au kuukunja. Gharama za njia hizo hazifanani. Ya kwanza inataka mafuta na uangalifu barabarani, ya pili inakula nafasi ya kuishi, ya tatu inakula muda.

Tuanze na paa, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Ducato inaruhusiwa kubeba kilo 150 juu, ikihesabiwa pamoja na keria yenyewe na kila kilichofungwa juu yake. Kayaki mbili ni kilo 50, kwa hiyo bado kuna nafasi. Ugumu uko kwenye kimo. Paa la toleo la kimo cha kati liko mita 2.5 kutoka ardhini, na huko mikono ya mtu mmoja haiwezi kunyanyua kitu kirefu kikatua salama.

Wenye uzoefu hawanyanyui chombo kizima. Wanatumia wenzo. Ukingoni mwa paa, juu ya milango ya nyuma, hufungwa rola, au hutandikwa zulia la mpira. Kayaki hulazwa chini nyuma ya gari, omo, yaani ncha ya mbele, ikielekea garini. Mtu hunyanyua omo na kuiegemeza kwenye rola huku tezi, ncha ya nyuma, ikibaki chini. Chombo cha mita 5 kikiegemea kimo cha mita 2.5 kinasimama kwa pembe ya digrii 30. Kisha anazunguka hadi tezini, anaishika, anaiinua na kusukuma. Wakati wote huo mikono haibebi zaidi ya nusu ya uzito, kilo 12 na ushei, na kadiri kayaki inavyoteleza mbele ndivyo mzigo unavyohamia kwenye rola. Katikati ya chombo ikishavuka rola, omo inashuka yenyewe na kutua kwenye keria.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu inayokisukuma chombo nyuma inakuwa mara nne. Tena hewa inayogonga kioo cha mbele hupanda juu na kuipiga omo kutoka chini, kwa hiyo haiishii kuisukuma nyuma bali huinyanyua pia. Mikanda miwili ya katikati huizuia kayaki isihame kwenye keria, lakini kuituliza omo ni kazi ya kamba inayoshuka mpaka kwenye kitu imara mbele ya gari. Kamba nyingine hutoka tezini. Utingo yeyote aliyefunga vitanda juu ya basi la mkoani anajua kanuni hii: mzigo mrefu hufungwa katikati na ncha zote mbili.

Aina ya mkanda nayo ni jambo la kuangaliwa. Nailoni ikilowa hurefuka, na mkanda uliokazwa asubuhi kukiwa kukavu unaweza kulegea mvua ikinyesha njiani. Poliesta hurefuka kidogo sana kuliko nailoni, ndiyo maana mikanda ya kayaki hutengenezwa kwa poliesta au kwa nyuzi zinazofanana nayo. Bizimu ya kawaida, inayouma mkanda kwa meno, inatosha kabisa. Mkanda wa racheti wa malori una nguvu ya kupita kiasi: kwa mipigo michache tu ya mpini, ganda la plastiki linabonyea. Na mkanda ulionyooka bapa juu ya chombo hutetemeka kwenye upepo na kuvuma kama zumari safari nzima. Dawa yake ni kuusokota mara moja kila upande kabla ya kuukaza, kwa sababu mkanda uliosokotwa hauupi upepo uso mmoja mpana wa kuchezea, na mvumo unakoma.

Sheria nazo zinapima urefu. Nchini Ujerumani mzigo unaruhusiwa kutokeza nyuma ya gari kwa mita 1.5, na hadi mita 3 ikiwa safari haizidi kilomita 100. Ukivuka mita 1 nyuma ya viakisi vya taa, sheria inadai bendera nyekundu ya sentimita 30 kwa 30, na usiku taa nyekundu. Mbele, mzigo ulio chini ya kimo cha mita 2.5 hauruhusiwi kutokeza hata kidogo; ulio juu ya kimo hicho unapewa sentimita 50. Kwa gari refu la mita 6, kayaki ya mita 5 inapita mtihani huo bila taabu. Kwa gari dogo la kulalia, mpangilio wa keria inabidi upigwe hesabu kabla ya kutoboa paa.

Lakini paa la nyumba si paa la gari la kawaida, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Anayeishi garini anategemea paneli za sola kuwasha taa, friji na pampu ya maji. Seli za paneli zimeunganishwa mfululizo, na umeme wa mfululizo hufuata kasi ya seli iliyo dhaifu kuliko zote. Kivuli chembamba cha kayaki kikikatiza paneli hakipunguzi umeme kwa kiasi cha eneo lililofunikwa tu. Kinaweza kuinyamazisha sehemu nzima ya paneli. Fundi makini hufikiria kayaki kabla ya kufunga sola. Chombo hupewa ukingo mmoja wa paa, kikisimamishwa kwa ubavu ili kichukue upana mdogo, paneli zikabaki upande wa pili, nazo zikaunganishwa sambamba ili iliyopata kivuli isiziburute nyingine. Feni ya paa huachiwa nafasi ya kufunguka.

Jua lenyewe ni adui. Poliethilini hulainika ikipata joto, na kayaki iliyolazwa kwa tumbo juu ya vyuma viwili wiki nzima ya kiangazi hutoka na mabonde mawili mahali ilipoegemea. Mionzi ya urujuanimno hufanya kazi ya polepole zaidi, ya kuikausha plastiki mpaka ikose unyumbufu. Kwa hiyo chombo hulazwa kwa ubavu au hupinduliwa juu chini, vyuma vikafunikwa sponji pana, na mikanda ikalegezwa gari linapokaa kambini siku kadhaa. Tundu la kukalia hufunikwa pia. Bila kifuniko, mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kumwaga lita kadhaa ndani ya kayaki iliyotazama juu, na kila lita ya maji ni kilo moja ambayo hakuna aliyeihesabu alipokuwa akijumlisha uzito wa paa.

Kuhifadhi kayaki kulikuwa kazi tangu zamani. Wainuiti wa Greenland, waliokitengeneza kwa ngozi za sili zilizovishwa fremu ya mbao au mifupa, walikiweka juu ya majukwaa ya mawe au miti ili mbwa wao wasiile ngozi.

Njia ya pili, ya kuingiza chombo ndani, inaeleweka haraka. Kayaki fupi ya mita 3 inaenea kwenye Ducato, lakini inalala mahali pa mwenye nyumba. Kila jioni lazima itolewe nje ili kitanda kitandikwe, na kila asubuhi irudishwe na maji na mchanga wake. Unyevu huo hupanda kama mvuke, hugeuka matone kwenye bati baridi, na baada ya wiki kuvu huanza nyuma ya mbao za ukuta. Njia hii inamfaa mtu wa wikiendi kuliko mkazi.

Njia ya tatu ina umri wa zaidi ya miaka 100, na ilibuniwa kwa ajili ya treni. Mwaka 1905 Alfred Heurich, mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Munich, alitengeneza kayaki ya vijiti vya mianzi na turubai iliyoweza kufunguliwa na kufungashwa, akashuka nayo mto Isar kutoka Bad Tölz hadi Munich. Behewa la abiria halikuwa na mahali pa kuweka chombo kirefu. Kilichokunjwa kilipanda kama begi lolote. Mwaka 1907 Johann Klepper, fundi cherehani wa Rosenheim, alinunua haki ya kukitengeneza. Inafaa kukumbuka kwamba aliyeieneza kayaki hii alikuwa mtu wa sindano na kitambaa.

Klepper Aerius ya watu wawili ina urefu wa mita 5.2, na inavyoungwa ni somo zuri la ufundi. Fremu ya mbao inaundwa kwa nusu mbili, ya omo na ya tezi. Kila nusu husukumwa ndani ya ngozi ya kitambaa na mpira, ambayo wakati huo imelegea kama soksi. Nusu hizo hukutana katikati zikiwa zimepinda kwenda juu, kisha mtu huzibonyeza chini kwa uzito wake mpaka kiungo cha mkuku kiingie na kujifunga. Kitendo hicho kimoja huirefusha fremu na kuivuta ngozi kutoka omo hata tezi. Mataruma yanafuata, kisha mirija miwili iliyoshonewa kwenye mbavu za chombo hupulizwa hewa, na mikunjo iliyosalia hunyooka.

Chombo kilichotoka kwenye mifuko kimeshapimwa vikali kuliko vingi visivyokunjika. Oskar Speck aliondoka Ulm, Ujerumani, mwaka 1932 na kayaki ya kukunja, akafika kisiwa cha Saibai, Australia, mwaka 1939. Daktari Hannes Lindemann aliivuka Atlantiki mwaka 1955 kwa mtumbwi wa gogo moja uliochongwa Liberia, na mwaka 1956 akarudia kwa Klepper Aerius, kutoka Las Palmas hadi St. Martin, katika siku 72.

Wazo hilo limezaa vizazi vipya. Msanifu majengo Anton Willis alihamia nyumba ndogo San Francisco, ikambidi aiweke kayaki yake ghalani. Makala kuhusu sanaa ya kukunja karatasi, iliyochapishwa katika jarida la The New Yorker mwaka 2007, ilimpa njia: akakunja karatasi, kisha plastiki ya polipropilini yenye mawimbi, mpaka ikazaliwa Oru Kayak, iliyotangazwa kwa umma mwaka 2012. Toleo lake la kwanza lina urefu wa mita 3.7 na uzito wa kilo 12 hivi, na likikunjwa linakuwa sanduku la chini ya mita moja linaloingia chini ya kitanda cha gari. Zipo pia za kujazwa upepo, ambazo sakafu yake ina maelfu ya nyuzi zinazoshikilia kitambaa cha juu na cha chini, ili ikijazwa iwe ngumu kama ubao badala ya kuvimba kama mto wa kulalia.

Muda ndio malipo ya njia hii, na sehemu yake kubwa haitumiki katika kuunga chombo. Inatumika katika kukikausha. Kitambaa kilichofungashwa kibichi huota kuvu, na maji yaliyojificha kwenye mikunjo husafiri na mbegu, mayai na vipande vya mimea kutoka ziwa moja hadi jingine. Nchini Uingereza watumiaji wa mito huhimizwa kukagua, kusafisha na kukausha vyombo kila wanapohama. Wakazi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe hawahitaji kuelezwa sababu. Wameshaona gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini, likifunga njia za mitumbwi yao.

Kwa anayepiga kafi kila siku katika maji ya baharini, paa bado ndilo jibu, kwa kuwa chombo kigumu kinaingia majini dakika 10 baada ya gari kuegeshwa. Kwa anayeishi garini mwaka mzima, anayepita chini ya vizuizi vya kimo vya maegesho ya mijini na kutegemea sola kupikia na kusomea, chombo cha kukunja kinashinda kwa hoja ileile iliyomsukuma Heurich: kikiwa hakimo majini, hakidai urefu wake.

Klepper ya Lindemann imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich. Jengo hilo limesimama kwenye kisiwa katikati ya mto Isar, maji yaleyale aliyoyashuka Heurich mwaka 1905 na vijiti vyake vya mianzi.